Kura ya Dirisha Namba Saba

9 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Sisi huku tunaendelea. Bibi yako mguu umepoa lakini masikio ndiyo yameaga. Jana nilimwambia chai iko mezani, akanijibu kwamba yeye hajagombana na mtu. Meno ya juu niliyomtengenezea kwa mikono yangu, kazi ya wiki tatu, anayavaa akipigwa picha tu, kisha anayarudisha kikombeni. Mama yako nimesikia kifua kimemwachia. Mpe pole zangu.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Jumatano iliyopita nilikuwa mezani kwangu kazini, nachonga nta, seti ya chini ya mzee mmoja asiyebakiwa na jino hata la kusingizia. Mwenzangu anayechanganya plasta akaja na simu, mikono myeupe mpaka viwiko, anacheka. "Hii gemu si ya kaka yako? Wameiandika kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Tena inapigiwa kura." Nikavua miwani ya kazi nikavaa ya kusomea. Nilisoma makala yote nimesimama.

Nakunukulia, maana nimeinakili nyuma ya fomu ya mgonjwa: "Dirisha Namba Saba ni mchezo wa kompyuta wa mwanamke anayerushwa ofisini dirisha hadi dirisha akisaka muhuri, uliobuniwa, kuchorwa na kuandikiwa programu na mtu mmoja." Mtu mmoja! Na chini yake picha ya baba yako ameegemea mlango, anatabasamu kama bwana harusi.

Mwandishi anajiita Msomaji Mtulivu. Ulidhani sitajua ni wewe? Nani mwingine duniani anajua kwamba kompyuta ya kwanza ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi? Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa ukikaa chini ya meza hiyohiyo unachezea vifutio. Vifutio vyangu, mwanangu, si vya baba yako. Baba yako hakujua kuchora hata kikombe.

Iondoe makala hiyo kabla ya kura. Umeshanipigia simu mara tisa tangu nikutumie kwenye simu lile neno moja, "Muongo". Nimekufungia namba. Kwenye simu unanikatiza maneno, kwenye karatasi hutaweza. Ukiwa na la kusema, andika.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilikaa siku nane mapokezi ya ofisi yetu kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba bado kuna mtu anapata barua. Mama kifua kimepona, anakusalimu. Ameuliza kwa nini unaniandikia mimi na si yeye. Nimemwambia ni mambo ya meno. Mimi bado niko dirisha la malalamiko ya maji. Juzi mteja alinimwagia kaunta nzima chupa ya maji ya kahawia ili nione mwenyewe kinachotoka bombani kwake. Nikafuta, nikamwandikia namba ya lalamiko. Mwambie Bibi namkumbuka, na avae meno.

Nimesoma maneno yako, na neno "Muongo" nimelisoma pia. Nitakujibu kwa adabu, ila nitakujibu.

Ensaiklopidia si kikao cha ukoo. Hakiandikwi anachokumbuka mtu, kinaandikwa kilichochapishwa mahali. Gazeti lilimhoji Baba, akasema ameutengeneza peke yake, nami nimeandika kilichoko gazetini. Wewe una gazeti? Una kitabu? Una hata karatasi moja?

Na hii kura si mchezo kama unavyoidharau. Kila mwaka wahariri wa kujitolea huchagua somo moja. Mwaka huu ni michezo ya video. Makala hupendekezwa, halafu huhakikiwa sentensi kwa sentensi, halafu Julai watu wanapiga kura, na moja tu itakaa ukurasa wa mbele mwezi mzima wa Agosti. Zimebaki mbili: yangu, na ya gemu fulani la mpira ambalo kila mtu analijua. Miezi mitano nimeandika makala hii wakati wa mapumziko ya mchana, mkate mkono mmoja. Mtu mmoja mtaani kwetu alipomtaja Baba mwezi uliopita alisema, "Yule aliyekuwa akitengeneza redio?" Redio, Shangazi! Miaka miwili tu tangu azikwe.

Kwa kuwa umenianza, na mimi niseme. Baba alilala hospitali wiki sita. Alikutumia ujumbe kwa simu yangu, akiandika mwenyewe, herufi moja moja, vidole vikitetemeka. Hukuja. Mazikoni ulikaa saa mbili, ukainuka watu wakiwa bado wanazungumza, ukaondoka bila kumuaga Mama. Leo ndiyo umekumbuka kwamba una haki kwa kaka yako?

Makala siiondoi.

Binti wa kaka yako


21 Machi

Marahaba.

Bibi yako anasema meno atavaa ukija. Kwa hiyo hatavaa. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kung'arishia na inapiga kelele kama inachinjwa. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Umeniuliza kama nina hata karatasi moja. Nilikuwa nazo mia mbili na kumi. Karatasi za hesabu, zile za miraba. Kila mraba nukta moja ya kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa napaka rangi mraba kwa mraba kwa penseli za shule, baba yako anahesabu kwa sauti na kuandika kwenye mashine: nyekundu tatu, nyeusi moja, nyekundu mbili. Yule karani wa dirisha la nne anayepiga miayo, miayo yake ina picha tano. Unadhani fundi wa kompyuta anajua mdomo unavyofunguka? Mimi nashinda na midomo. Karani wa dirisha la pili ana pengo mbele. Pengo hilo ni la mgonjwa wangu wa kwanza kabisa, nilikuwa na kalibu ya plasta ya kinywa chake mezani wakati nachora. Mlinzi wa mlangoni anayesema "Rudi kesho" anatembea kama babu yako. Madirisha yote kumi na mawili ni yangu. Mpangilio wa nani anakurusha kwa nani, kutoka la tatu kwenda la tisa, kutoka la tisa kurudi la tatu kwa sababu ya muhuri, ni wangu. Baba yako aliandika programu, na aliiandika vizuri, sikatai. Alikuwa hodari. Hilo halinizuii kumkasirikia.

Karatasi ziko wapi? Nilizichoma siku gazeti lilipotoka, kwenye pipa nyuma ya nyumba, na bibi yako akadhani nachoma takataka. Kwa hiyo hapana, sina hata moja. Furahi.

Kuhusu hospitali na mazishi, sitakujibu.

Kuna neno moja kwenye makala yako. Umeandika kwamba mchezaji ni mwanamke "mwenye mzigo mgongoni unaompunguzia mwendo". Kama umekataa kuondoa makala, sawa, kaa nayo. Mwite baba yako mfalme wa kompyuta ukitaka. Lakini neno mzigo lifute. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako


30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi wa mita na sikupata hata nafasi ya kukaa. Mama ameanza kutembea asubuhi na jirani. Wanatembea hatua mia na kuongea saa nzima. Nimefurahi kusikia mna mashine mpya.

Neno mzigo nimelibadilisha kama ulivyotaka, ingawa hukunipa sababu. Sasa linasomeka "furushi". Ni zuri zaidi, hata mimi naona.

Yale ya karatasi mia mbili nimeyasoma. Nifanye nini nayo? Nikiandika "shangazi yangu anasema", watanicheka. Anayehakiki makala yangu anajiita Kalamu Nyekundu na jina limempata. Amenirudishia sentensi arobaini. Hana huruma hata na nukta. Mwisho aliniuliza kama nina uhusiano wowote na mtengenezaji wa mchezo, maana sheria haimruhusu mtu kuandika habari za ndugu yake bila kusema. Nimemjibu nilivyomjibu. Uhakiki tumeupita. Sasa tunasubiri kura tu.

Shangazi, tafadhali. Umebakiwa na hasira, mimi nimebakiwa na makala. Tusinyang'anyane.

Binti wa kaka yako


11 Mei

Furushi.

Leo hakuna salamu.

Ulimjibu ulivyomjibu, yaani ulimwambia hapana, huna uhusiano wowote na baba yako mzazi. Unaona ilivyo rahisi? Neno la uongo linatoka mdomoni mara moja tu, na ukishalisema unajisikia vizuri. Umefanana naye kuliko nilivyofikiri.

Sasa soma, kwa sababu nitaandika mara moja tu.

Si mzigo. Si furushi. Ni mtoto. Ni mwanangu, binamu yako, uliyekuwa ukimfunika kwa sweta yako kwa sababu mikono yake ilikuwa baridi siku zote. Moyo wake ulizaliwa na tundu. Madaktari walisema apelekwe nje kufanyiwa upasuaji, na ili mtoto apelekwe nje kulihitajika kibali, na kibali kilitoka kwenye jengo lenye madirisha kumi na mawili. Nilianza kwenda akiwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Nilikwenda miezi saba. Nilimbeba mgongoni kwa sababu dirisha la kwanza walisema lazima waone mtoto mwenyewe, wasije wakadanganywa. Dirisha la tano walitaka picha. Dirisha la nane walisema picha si ya saizi hiyo. Dirisha la saba ndilo lililokuwa na muhuri, na la saba lilifunguliwa siku mbili kwa wiki, na karani wake aliumwa, akapewa likizo, akahamishwa, akarudi.

Baba yako alinisindikiza wiki tatu za mwanzo. Halafu akasema ana wateja.

Kibali kilitoka Jumanne. Mtoto tulikuwa tumemzika Alhamisi kabla yake. Karani wa dirisha la saba alikisukuma chini ya kioo, akasema, "Hongera mama, wengine wanangoja mwaka."

Mimi ndiye niliyemwambia baba yako tutengeneze ule mchezo. Sikuwa na pengine pa kuiweka hasira ile. Nilitaka kila mtu akae mbele ya kioo akimbizwe dirisha hadi dirisha mpaka ajue. Mwisho niliouchora mimi ulikuwa huu: mwanamke anafika dirisha la saba, anapewa karatasi, anageuza shingo kutazama mgongoni, na mchezo unazimika. Hakuna muziki. Basi.

Baba yako akaona watu hawatapenda. Siku moja nimeenda kazini, nikarudi nikakuta ameweka ngoma, vigelegele, yule mwanamke anarukaruka na muhuri mkubwa unashuka kutoka juu. Na mtoto mgongoni, niliyekuwa nimemchorea kichwa na kofia, alikuwa amefutwa kichwa. Nukta sita. Alifuta nukta sita ikabaki nundu ya bluu. Nikamuuliza. Akasema, "Dada, watu wakijua ni mtoto hawatacheka."

Kisha akaenda kwenye gazeti kusema wazo lilimjia siku alipokwenda kubadilisha leseni.

Ule ujumbe wa hospitali uliouona akiuandika kwa vidole vinavyotetemeka, unajua ulisema nini? "Dada, tusameheane." Tusameheane! Kana kwamba tuligongana mlangoni. Mimi nilimkosea nini? Angeandika "nisamehe" ningekwenda kwa miguu.

Na mazishi: yule jirani yenu mwenye duka la kompyuta alisimama kumsifu, akamuiga karani wa dirisha la saba wa kwenye mchezo, akasema "Hongera mama" kwa ile sauti ya puani, na watu wote wakacheka, hata mama yako. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Ulitaka nibaki?

Wewe mwenyewe unakaa nyuma ya dirisha. Fikiria hilo ukipata nafasi kati ya mkate na makala.

Shangazi


3 Julai

Mwanangu,

Hapa hatujambo. Bibi yako ameangusha yale meno, yamevunjika katikati, na anasema ni mimi niliyemsukuma.

Wiki saba na hujajibu. Nimeona kura imefunguliwa. Mwenzangu wa plasta ameipigia makala yako, akaja kunipa hongera. Nilimwambia aangalie plasta yake, inaganda.

Kama umeamua kunyamaza mpaka ushinde, niambie, ili nijue kwamba nimekupoteza na wewe, niache kuchungulia sanduku la barua kila nikitoka kazini.

Shangazi yako


29 Julai

Shikamoo Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Mama hajambo. Hajui ninayokuandikia.

Sikunyamaza kwa kiburi. Barua yako ya Mei niliisoma ofisini, chooni, nimekaa juu ya kifuniko. Nilirudi dirishani na sikumbuki nilimhudumia nani. Kwanza nilikukasirikia wewe. Nilijiambia unamsingizia mtu asiyeweza kujibu. Niliandika barua nne za kukutukana na zote ninazo.

Halafu nikaamua kufanya nilichofundishwa: kutafuta chanzo. Yule mwandishi wa gazeti amestaafu, anafuga kuku nyuma ya nyumba yake. Nilimpata baada ya kuulizia kwa wiki tatu. Hakunikaribisha ndani, tuliongea katikati ya kuku. Nilitaka aniambie kwamba Baba alikutaja na mhariri akakata. Nilishaiandaa hata sentensi. Nikamuuliza, "Alimtaja dada yake?"

Akasema, "Nilimuuliza mwenyewe. Ile michoro ilikuwa na mkono wa mtu aliyezoea kazi ndogo ndogo, na yeye mikono yake ilikuwa ya kubeba majenereta. Nikamuuliza nani amekusaidia. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena. Akainuka, akachungulia mlangoni, akarudi akakaa, akasema hakuna."

Alichungulia mlangoni, Shangazi. Alijua. Nimemtetea miezi sita mtu aliyechungulia mlango kwanza ndipo akadanganya. Nimekuwa nikiingia chumbani kwake kupangusa vumbi na sasa siwezi hata kuushika mlango. Nimemkasirikia mpaka naogopa, kwa sababu hayupo, na hasira haina pa kwenda ila kwenye vyombo. Nimevunja sahani mbili. Mama anadhani ni uchovu.

Kuna lingine. Wiki ya kura ilipoanza alikuja mama mmoja dirishani kwangu, mtoto mgongoni, amelala kichwa kimening'inia. Alikuwa ametumwa kwangu kutoka dirisha la mita, na tatizo lake lilikuwa la dirisha la mita. Nimefanya kazi hii miaka mitano. Mdomo ulishafunguka kusema "Rudi dirisha namba mbili". Nikaufumba. Nilifunga dirisha langu, nikazunguka nje, nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe, nikasimama naye mpaka akaandikiwa. Msimamizi akaniuliza foleni yangu nimemwachia nani. Nikamwambia hata wewe una mikono. Nimepewa barua ya onyo.

Kura ilifungwa tarehe ishirini na tano. Tulishinda. Kumi na tisa kwa kumi na moja. Nilizihesabu zile kura mara mbili. Halafu, kabla hawajatangaza, niliandika kwenye ukurasa wa majadiliano mbele ya wote: "Mimi ni binti wa mtu aliyetajwa humu. Niliulizwa nikadanganya. Mchezo huu haukuchorwa na mtu mmoja, na kinachobebwa mgongoni si furushi. Naondoa pendekezo langu."

Walinishukia kama siafu. Wapo waliosema nimewapotezea muda, wapo waliosema nimeitia aibu ensaiklopidia nzima. Kalamu Nyekundu hakutukana. Aliandika mistari miwili: kwamba kukiri kwangu kumepokelewa, na kwamba akaunti yangu imefungwa. Agosti ukurasa wa mbele utakuwa na gemu la mpira.

Kibaya ni hiki, na nimekiacha mwisho kwa woga. Makala yenyewe haikufutwa. Wameibandikia onyo juu, lakini sentensi ya furushi bado ipo, kwa sababu gazeti ndilo chanzo pekee, na mimi niliyeiandika siwezi tena kuigusa. Nimemwomba yule mwandishi mstaafu aandike upya. Amesema bado kuna gazeti litakalompokea, lakini si kwa maneno yangu. Anakutaka wewe. Nimemwambia hutakubali. Nimemwambia hata mimi hukuniambia kwa miaka ishirini na moja.

Nisamehe. Sikusema tusameheane. Nisamehe.

Mwanao


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo na meno mapya yako kwenye kalibu. Safari hii nimeyafanya mepesi, labda atayasahau mdomoni.

Nimekasirika nawe bado, usidhani neno moja mwishoni mwa barua linafagia nyumba nzima. Ulinijibu kama karani. "Una hata karatasi moja?" Hilo nitakaa nalo muda. Ulichofanya mbele ya wale watu kilikuwa sawa, wala usingoje nikupigie makofi, maana kilikuwa sawa tangu Februari. Sahani acha kuvunja. Baba yako hazioni.

Sasa nikueleze nilichofanya, ucheke peke yako.

Nilimwambia mwenzangu wa plasta anifungulie akaunti. Najiita Fundi Meno. Wakati wa chakula nikaingia kwenye makala, nikafuta "furushi", nikaandika "mtoto". Dakika nne hazikuisha, furushi likarudi. Kuna maandishi: "Hakuna chanzo." Nikaandika tena mtoto. Furushi. Mtoto. Furushi. Mwenzangu anasema, mama, utafungiwa. Nikamwambia nimeshafungiwa madirisha na watu wakubwa kuliko hawa. Siku tatu, mara kumi na moja, na mgonjwa wa Ijumaa akapata meno yake Jumatatu.

Mara ya kumi na moja Kalamu Nyekundu akaniandikia mwenyewe. Kwa adabu, sikatai. Akaeleza sheria, mstari kwa mstari, vile ulivyonieleza wewe. Mwisho akauliza: "Una uhusiano gani na mada hii?"

Nilikaa na lile swali mkono ukiwa juu ya vitufe. Unajua, miezi saba kwenye lile jengo, madirisha kumi na mawili, waliniuliza namba ya fomu, waliniuliza saizi ya picha. Hili hawakuniuliza hata siku moja.

Nikaandika: "Mimi ni mama yake."

Kisha nikazima mashine nikarudi kwenye nta, na sikuweza kuchonga, kisu kilikuwa kinateleza. Mwenzangu akanichukulia kazi akaimalizia. Ni mtu mwema, nimemtukana bure mwaka mzima.

Siku mbili hakukuwa na jibu. Ya tatu nikafungua, na sentensi yote haikuwepo. Si mzigo, si furushi, hakuna kitu; paliposemwa habari za mgongo pameachwa wazi. Kalamu Nyekundu ameacha maelezo: "Sentensi imeondolewa hadi kipatikane chanzo kinachoaminika. Pole sana, mama." Nilikasirika hata na hiyo pole. Nimeichoka pole. Chanzo kinachoaminika! Mtoto nimzae mimi, nimbebe mimi, nimzike mimi, halafu chanzo kitafutwe.

Lakini siku nzima nilikuwa naliona lile pengo. Hakuna tena mtu atakayesoma pale acheke. Na pengo mimi ninalijua kazini kwangu. Ukiliacha, meno ya pembeni yanaegemea, na baada ya muda hakuna anayejua kwamba palikuwa na jino.

Basi nimemwandikia yule mwandishi wako wa kuku. Nimemwambia aje Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Asije na maswali ya leseni, na asiniambie pole mlangoni. Kalamu aje nazo mbili. Nitamweleza kuanzia dirisha la kwanza, mmoja mmoja, na la baba yako nitalisema lote, ubaya wake na uhodari wake, maana programu aliiandika yeye na hilo pia ni kweli.

Mama yako mwambie mwenyewe kabla gazeti halijamwambia.

Na wewe uje. Panda basi la Ijumaa, ulale hapa, utapewa chumba cha cherehani. Sikuiti kwa sababu nimepoa. Nakuita kwa sababu najijua: madirisha sita nitayasema bila shida, lakini nikifika la saba sauti itanikatika, na wa kumalizia sitaki awe mgeni.

Shangazi yako